Koki kuu iko wapi? Mwongozo wa matengenezo ya nyumbani kwa asiye fundi

Saa nane kasoro usiku nilishtuliwa na sauti nikadhani ni mvua. Dar es Salaam, mwezi wa nane, mvua ya wapi? Nilipokanyaga sakafu, maji yalikuwa yameshafika kwenye kapeti la sebuleni. Kichwa cha koki ya bafuni kilikuwa kimefyatuka na maji yanaruka mpaka darini. Nikatoka nje mbio kutafuta koki kuu niifunge. Nilizunguka nyumba mara mbili na tochi ya simu, sikuiona. Aliyejenga baraza, miaka mingi kabla sijahamia, alikuwa ameimwagia zege na kutandika vigae juu yake. Tuliziba kwa kanga na kuchota kwa ndoo mpaka simtanki likaisha lenyewe. Lita 2000 za boza, na tulikuwa tumezinunua jioni ile ile.

Ufundi haukuhusika hapo. Koki ile hata mtoto wa darasa la tatu angeifunga, mradi aione. Kwa hiyo mwongozo huu nauanza na kutafuta mahali pa kufungia. Baada ya hapo nitapita kwenye kazi chache ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifanya bila kujiumiza wala kuharibu nyumba, na kila nitakapofika pa kuweka spana chini na kumwita mwenye kazi yake, nitasema.

Ninaandika kuhusu nyumba ninazozijua: tofali za saruji, paa la bati, maji yanayopitia kwenye tanki, umeme wa LUKU (wa kulipia kabla ya kutumia), gesi ya mtungi jikoni. Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujafungua chochote, tena kwa ujumbe wa maandishi. Wenye nyumba wengine husahau ruhusa waliyoitoa kwa mdomo.

## Kwanza, zunguka nyumba siku ambayo hakuna kilichoharibika

Chagua Jumamosi asubuhi. Chukua kalamu ya wino mzito na vipande vya tepu ya karatasi.

Anza na maji. Kwa kawaida kuna sehemu mbili za kufungia: koki ya maji yanayoingia kutoka mita, na koki ya maji yanayoshuka kutoka kwenye tanki kwenda ndani. Ukifunga ya mita peke yake, tanki litaendelea kumwaga. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa wakati nyumba inafurika. Izungushe kila koki, ifunge mpaka mwisho, kisha nenda ndani ufungue bomba uone kama maji yanakata kweli. Geti vavu za zamani ambazo hazijaguswa miaka mitano huwa zimeganda. Mzunguko unaenda lakini kilango cha ndani kimebaki palepale. Ikiwa imeganda usiilazimishe kwa bomba refu la kuongezea nguvu, maana utakata shina lake na hapo utakuwa umejitengenezea mafuriko. Hiyo mwite fundi bomba aibadilishe wakati kuna amani.

Nenda kwenye umeme. Fungua mlango wa boksi la breka, usifungue kifuniko chenye skrubu. Zima breka moja, zunguka vyumba uone nini kimezimika, andika kwenye tepu na ubandike: jikoni soketi, vyumba taa, hita, pampu. Kazi hii inachukua nusu saa, na ndiyo yenye faida kuliko zote nitakazozitaja. Katika boksi hilo mara nyingi kuna swichi moja yenye kitufe kilichoandikwa T au TEST. Hiyo ndiyo inayokata umeme pale unapovuja, kwa mfano unapopita mwilini mwako kwenda ardhini. Za majumbani nyingi zinakata kwenye miliampea 30. Bonyeza kitufe hicho. Nyumba ikizimika, ni nzima, irudishe. Isipozimika, huna ulinzi huo, hata kama boksi linang'aa. Na kama boksi lako halina swichi ya namna hii kabisa, kuiweka ndiyo iwe kazi ya kwanza ya kumlipa fundi umeme, kabla ya rangi na kabla ya geti.

Gesi ni fupi. Mtungi ukae wima, mahali hewa inapopita. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata na kwenye mpira. Bubujiko likionekana, panavuja. Kiberiti si kipimo. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na usiguse swichi yoyote, iwe kuwasha au kuzima, kwa sababu cheche iko pande zote mbili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hujikusanya chini, miguuni na chini ya makabati. Mpira una tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa juu yake. Ukiona nyufa unapoukunja, au umekakamaa, nunua mwingine.

Ukimaliza, waonyeshe wote wanaolala humo. Dada wa kazi, kijana wa form two, bibi aliyekuja kusalimia. Maji hayasubiri baba arudi kutoka kazini.

## Vifaa vya ndoo moja

Usinunue lile sanduku la vifaa mia moja linalouzwa kwenye taa za barabarani. Vyuma vyake vinapinda kwenye kazi ya pili. Vyangu vinakaa kwenye ndoo ya rangi iliyoisha: bisibisi ya bapa na ya nyota zenye mpini wa plastiki usiopasuka, plaizi, spana mbili (moja ni ile ya kurekebisha, ambayo mafundi wameipa jina la kumtukana mtu), nyundo, futi, kisu, msumeno wa chuma, testa ya kupimia umeme, tepu nyeupe ya mabomba, mpira wa kuzibulia wenye mpini, na washa (vimpira vya ndani ya koki) za nusu inchi kama kumi. Ongeza miwani ya plastiki na glavu za mpira. Miwani hiyo watu huicheka. Mimi nilikaa siku mbili na chembe ya saruji jichoni, sicheki tena.

## Koki inayodondosha

Hii ni kazi ya kuanzia. Siku moja niliweka ndoo ya lita 20 chini ya koki iliyokuwa ikidondosha tone moja kwa sekunde hivi. Asubuhi ya pili ilikuwa imejaa. Kwa mwezi hizo ni lita mia sita, karibu theluthi ya simtanki langu, zimekwenda bila mtu kunawa.

Koki za kawaida za kuzungusha mara kadhaa zina kimpira ndani, washa, kinachokandamizwa kwenye tundu la maji. Kimpira kikilika, maji yanapita. Watu hujibu kwa kukaza koki kwa nguvu zaidi, na kadiri wanavyokaza ndivyo kinavyozidi kulika.

1. Funga maji, kisha fungua koki yenyewe mpaka ikauke. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ya koki ikishuka kwenye bomba la maji machafu, kazi ya dakika kumi inakuwa ya siku nzima.

2. Bandua kifuniko kidogo cha juu kwa ncha ya kisu, fungua skrubu, chomoa mkono wa koki. Ukigoma, utikise taratibu kulia na kushoto. Maji yetu mengi, hasa ya visima vya pwani, yana chumvi inayogandisha vyuma. Siki ya vuguvugu kwenye kitambaa, nusu saa, hulegeza.

3. Spana moja ishike mwili wa koki, nyingine ifungue kichwa kinyume cha saa. Usifanye kwa spana moja. Bomba lililo ukutani likizunguka pamoja na koki, kiungio cha ndani ya ukuta kinaachia, na hutajua mpaka rangi ianze kuvimba wiki tatu baadaye.

4. Chomoa kichwa. Mwishoni pana washa. Ipeleke dukani kama ilivyo, usiende kuelezea kwa mikono. "Nusu inchi" ni jina la koki, washa zenyewe zinapishana unene.

5. Kabla ya kurudisha, ingiza kidole ndani ya mwili wa koki ukipapase kile kikalio ambacho washa inakalia. Kikiwa laini, vizuri. Kikiwa na mabonde, washa mpya itadumu wiki mbili tu, afadhali ununue koki nyingine.

6. Rudisha, kaza mpaka ikae, ongeza robo mzunguko, basi. Fungua koki kuu pole pole ili hewa itoke bila kupiga bomba.

Koki za kuinua mkono au za kuzungusha robo tu hazina washa. Ndani yake mna kifaa kizima cha sahani za kauri, nacho hubadilishwa kizima. Ubebe cha zamani dukani, vinginevyo utarudi mara tatu.

Ukifunga koki mpya, tepu nyeupe izungushwe kufuata upande ambao uzi unakaza, ukiwa umeuelekeza mwisho wa uzi usoni kwako, kama mishale ya saa. Ukiizungusha kinyume, itajikunja na kutoka wakati unakaza. Kwa nusu inchi mimi huzungusha mara saba au nane.

Mpaka wa kazi hii: chochote kilicho ndani ya ukuta. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa pasi ya moto yanataka mashine na mkono uliozoea. Usijaribu kwa kisu kilichopashwa kwenye jiko, nimeona.

## Choo kinachonong'ona

Ikiwa tanki la kuflashi linatoa sauti ndogo usiku kucha, weka matone ya rangi ya chakula, au chai ya rangi iliyokolea, ndani yake, na usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, kimpira cha chini kimechoka. Ikiwa maji yanamwagikia kwenye bomba la kufurikia la katikati, boya limekaa juu mno. Lishushe mpaka maji yasimame kama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa bomba hilo. Vyote viwili ni vya bei ya soda chache. Kifuniko cha tanki kiweke chini kwenye taulo kwanza. Kikivunjika, hakuna anayeuza kifuniko peke yake.

## Sinki lililoziba, na chupa mbili zisizopatana

Anza na chini. Chini ya sinki kuna kona ya bomba yenye umbo la U, au kikombe cha plastiki. Weka ndoo, fungua kwa mkono, mwaga. Mara tisa kati ya kumi mafuta yaliyoganda na mabaki ya wali yako hapo hapo. Kumbuka ulikokaa mpira wa kila kiungio. Maji ya kona hiyo ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande ndani. Bafu la wageni lisilotumika likinuka, mimina kata moja ya maji kabla hujamlaumu mtu.

Ikishindikana, mpira wa kuzibulia: ziba tundu la kufurikia kwa kitambaa kibichi, jaza maji kufunika mpira, sukuma na kuvuta mara ishirini.

Dawa kali za kuzibulia mimi sizitumii, na sababu ni hii. Mtu anamimina dawa, haizibui. Anajaribu nyingine. Dawa nyeupe ya kufulia yenye klorini ikikutana na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu ni ndogo zenye kidirisha cha tofali moja. Ikikutana na amonia, inatoa gesi nyingine mbaya vilevile. Mkojo uliokaa una amonia. Basi dawa moja kwa wakati mmoja, dirisha wazi, na uimwagie maji mengi kabla ya kufikiria nyingine. Na ukimwita fundi kuzibua, mwambie umeshamwaga nini humo, kwa sababu uso wake ndio utakaoinama pale.

## Umeme: orodha fupi kwa makusudi

Unachoweza kufanya mwenyewe: kubadilisha taa, kurudisha breka iliyojikata, kubadilisha plagi na fyuzi yake. Zaidi ya hapo sikushauri. Kuongeza soketi, kuhamisha swichi, kubadilisha breka kwa kubwa zaidi "ili isijikate", kugusa mita ya LUKU: yote hayo acha. Mita ni ya TANESCO, na kuichezea ni kosa la jinai. Kwa nyaya za ndani tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na jirani zetu wa Kenya wadai ya EPRA, mamlaka yao ya nishati. Muombe akuonyeshe. Mwenye nayo haoni haya.

Kabla ya chochote, zima breka na uhakikishe. Na hapa kuna uongo wa aina mbili unaoua. Wa kwanza ni mgao. "Umeme umekatika, ngoja nirekebishe soketi." Umeme hurudi bila kupiga hodi, na siku hizi wengine wana inveta au jenereta iliyoungwa vibaya inayorudisha umeme kwenye nyaya. Wa pili ni LUKU kuisha. Wewe uko juu ya kiti na bisibisi, mkeo sebuleni amenunua tokeni kwa simu na anaingiza tarakimu ya mwisho. Breka ndiyo inayozimwa, na tepu inabandikwa juu yake: usiwashe, kuna mtu.

Testa nayo ipimwe. Iguse kwanza soketi unayojua ina moto, kisha pale unapofanya kazi, kisha irudishe kwenye ile ya kwanza. Testa iliyokufa haiwaki popote, na mtu anaifurahia.

Plagi ya pini tatu za bapa, ukiifungua na kuishika pini ya ethi (ya ardhini) ikiwa juu: waya wa kahawia unakwenda kulia, kwenye fyuzi, palipoandikwa L. Wa bluu kushoto, N. Wa kijani na njano juu, E. Vifaa vya zamani vina waya mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro. Menya kiasi kwamba shaba isibaki wazi nje ya skrubu. Kibanio cha chini kibane lile gamba la nje la waya, kisibane nyaya tatu za ndani, maana ndicho kinachozuia zisichomoke mtu akivuta pasi kwa waya. Waya wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake. Waya ukivutwa, huo uwe wa mwisho kuachia.

Fyuzi inachaguliwa kwa hesabu ya darasa la nne: gawanya wati za kifaa kwa 230. Feni, redio na taa ya mezani hazifiki wati 700, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Birika na pasi zinataka 13. Usifunge karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi. Umeondoa kitu pekee kilichokuwa tayari kuungua badala ya nyumba.

Hesabu hiyo hiyo igeuze kwa ekstensheni. Ampea 13 mara 230 ni karibu wati 3000. Birika la 2000 na pasi ya 1200 kwenye ekstensheni moja zimepita hapo, hata kama matundu yamebaki manne. Ikunjue yote unapoitumia kwa mzigo mkubwa, kwa kuwa iliyoviringwa haipoi. Soketi yenye joto, yenye alama ya kahawia, au inayotoa mlio wa kukaanga, izime kwenye breka na isiguswe mpaka fundi aje.

Breka ikijikata, chomoa vitu vyote vya laini hiyo, irudishe mara moja, kisha chomeka kimoja kimoja. Ikijikata tena na hakuna kilichochomekwa, ubovu uko kwenye nyaya. Hapo umefika mwisho wako. Hita ya maji ya kuogea inayokupiga shoti ya "kautamu kadogo" si ya kuzoea wala si ya kuvalia kandambili. Izime breka yake leo.

## Paa kabla ya masika

Kazi hii ifanywe Februari, kabla ya mvua za Machi. Nenda mwenyewe ikiwa nyumba ni ya chini na huna kizunguzungu, ghorofa usipande. Ngazi iwekwe kwa kipimo cha nne kwa moja: ukuta ukiwa mita 4, miguu ya ngazi iwe mita 1 kutoka ukutani, na ncha yake ipite ukingo wa bati kama mita moja upate pa kushika. Mtu mmoja ashike chini, asiende kupokea simu. Angalia waya wa TANESCO unaoingia kutoka kwenye nguzo. Mara nyingi uko usawa wa kichwa cha aliye juu ya paa, na ngazi ya alumini ni rafiki yake mkubwa.

Subiri umande ukauke, maliza kabla ya saa nne jua halijachoma. Juu ya bati kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa sababu chini ya misumari kuna papi, mbao zinazoshika bati. Katikati bati linabonyea na kupasuka mikunjo. Bati za plastiki za kupitisha mwanga usizikanyage kabisa.

Doa kwenye silingi halikuambii tundu liko wapi. Maji huingia juu karibu na kofia ya paa, yakatembea kwenye papi mita mbili tatu, ndipo yakadondoka. Ingia darini mchana, zima taa, tafuta nyota ya jua. Usipoiona, mtu amwage maji kwa mpira wa bustani kuanzia chini kwenda juu huku wewe ukiangalia ndani.

Msumari uliochomoka usiugongee kwenye tundu lile lile, mbao yake imeshalegea. Weka skrubu ya bati yenye mpira, nene kidogo na ndefu kidogo. Tundu dogo safisha kwa brashi ya chuma, likauke, bandika tepu ya lami ukilipita kila upande. Silikoni juu ya kutu na vumbi ni pesa ya kuchezea.

Gata zifagie majani. Maji yaliyosimama humo ni kitalu cha mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza dengi, na Dar tulimjua vizuri mwaka 2014 na tena 2019.

Na paa la karatasi za kijivu za saruji zenye mawimbi, la nyumba za zamani, huenda lina asbesto. Usilitoboe, usilikate, usilisugue likiwa kavu. Vumbi lake huingia mapafuni na ugonjwa wake hujitokeza miongo baadaye.

## Tanki, na mnara uliobeba tani mbili

Lita 2000 za maji ni kilo 2000, sawa na gari dogo na abiria wake, limekaa juu ya vyuma vya pembe vilivyopigwa na hewa ya bahari. Kabla ya kusafisha tanki, kagua mnara. Kutu inayobanduka kama maganda, mguu uliozama, ufa kwenye zege la chini: punguza maji nusu na mwite mchomeleaji. Watoto wasichezee chini yake hata kama ndicho kivuli pekee.

Kusafisha: acha maji yapungue kwa matumizi mpaka yabaki kidogo, sugua kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa nje, toa tope kwa kopo na sponji. Usitumbukie ndani peke yako. Kisha jaza, weka dawa ya klorini isiyo na manukato. Yenye asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa kila lita 1000 za maji inatoa kama miligramu 50 kwa lita. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu, funga, acha usiku mzima, na wote nyumbani wajue maji hayo si ya kunywa wala kupikia. Asubuhi mwaga yote kidogo kidogo mahali pasipo mimea, wala yasielekezwe kwenye shimo la choo, suuza, jaza upya. Nafanya hivyo kila miezi sita.

Kifuniko kifungwe vizuri. Nilimkuta mjusi mara moja, sitaki kueleza zaidi.

## Ufa ukutani

Chora mstari wa penseli kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Angalia baada ya miezi mitatu. Ufa mwembamba kama unywele usiosogea, panua kidogo, lowesha, ziba, paka rangi. Unaokimbia, unaopanda kama ngazi kwenye maungio ya tofali, au unaopitisha sarafu, hauzibwi kwa saruji; mlete mtu wa ujenzi aangalie msingi na maji yanakokwenda. Ukuta unaotoa unga mweupe wa chumvi usiupake rangi juu yake, itabanduka kabla ya Idi ijayo. Tafuta unyevu unaingilia wapi.

Saruji mbichi huunguza ngozi taratibu bila kuwasha mwanzoni. Vaa glavu, na iliyoingia kwenye buti ioshe hapo hapo.

## Shimo la choo

Hapa sina hatua za kukupa, ila kukataza. Usiingie kwenye shimo la choo, hata likiwa limenyonywa. Gesi zake humwangusha mtu kwa pumzi mbili, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Ndivyo familia moja inavyozika wawili au watatu. Usimulike ndani kwa kiberiti, gesi nyingine humo huwaka. Gari la kunyonya majitaka lina mpira mrefu kwa sababu hiyo.

## Ukimwita fundi

Atasema yuko njiani. Mpe saa moja kwa kila "niko njiani".

Mweleze dalili, usimwambie dawa. "Breka ya jikoni inajikata nikiwasha birika" inamsaidia kuliko "nataka breka kubwa". Nunueni vifaa pamoja au akuandikie, ubaki na risiti. Mlipe sehemu, iliyobaki baada ya kuona maji yanakata na taa zinawaka. Muulize kwa heshima kila anachofanya, "Fundi, hii inafanya nini?" Wengi hupenda kufundisha, na anayekasirika umeshamjua.

Na kabla hajapiga plasta juu ya bomba au waya aliopitisha, weka futi ukutani ionekane namba, piga picha, jitumie mwenyewe kwenye simu isipotee. Mimi nilivunja vigae saba kuitafuta koki yangu kuu. Ilikuwa chini ya cha saba, hatua mbili kutoka pale fundi mzee wa mtaa alipoapa kwamba ipo.